Jiko la Makaa Chumbani Usiku

Mtu atokaye Kasenyi au Tchomia, kandokando ya Ziwa Albert, akipanda mpaka Bunia hutaka blanketi ya pili. Akizidi kupanda hata Fataki, hutaka na ya tatu. Jambo hili si la ajabu. Maji ya ziwa yako kiasi cha meta 620 juu ya usawa wa bahari, mji wa Bunia uko karibu meta 1,300, na milima ya Djugu hufika meta 2,000 na zaidi. Mvua ikinyesha tangu alasiri, na upepo ukivuma kutoka mlimani, usiku wake ni baridi kweli kweli, hasa kwa watoto, wazee na wagonjwa.

Usiku wa namna hiyo, mama amekwisha kupika. Chungu kimeepuliwa, watu wamekula, na jikoni makaa yangali mekundu. Kuyamwaga nje mvuani ni hasara, maana gunia la makaa hununuliwa kwa fedha. Basi hulichukua jiko kwa kitambaa, hulitia katika chumba wanamolala watoto, hufunga mlango, na kila mtu hulala kwa furaha. Moshi haumo. Mwali haumo. Joto lipo. Twauliza: mama huyu amekosa nini? Kwa macho yake hakuna kosa hata moja, na hapo ndipo hatari ilipo.

(Ndugu zetu wa Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, wasistaajabu wakitusikia huku Ituri tukiyaita makaa “makala”. Kwao makala ni maandiko ya gazetini. Kwetu neno hilo ni la jikoni kwanza. Katika karatasi hii tutasema makaa, ili tuelewane wote.)

Kuni zikiwaka hutoa moshi, na moshi huuma macho. Mtu hukohoa, hulia machozi, hutoka nje au hufungua dirisha. Moshi ni adui apigaye kelele. Lakini makaa yamekwisha kuchomwa mara ya kwanza huko porini, katika tanuru lililofunikwa kwa udongo, na moshi wake mwingi umebaki huko. Kilichosalia ni kaboni karibu tupu. Kaboni hiyo ikipata hewa ya kutosha huungua kabisa na kuwa hewa ya ukaa, ile tuipumuayo nje sisi sote. Isipopata hewa ya kutosha huungua nusu tu, nayo hutoa gesi nyingine iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiumi macho. Wanafunzi waliolitazama jiko gizani wamepata kuona miali midogo ya kibuluu ikichezacheza juu ya makaa. Miali ile ndiyo gesi hii hasa, ikiungua kwa sababu imekutana na hewa. Makaa yakifunikwa na majivu, na miali ile ikapotea, watu husema moto umekuwa mpole. La, sivyo. Gesi bado yatoka, ila sasa haiungui: hutembea chumbani.

Sasa na tufanye hesabu, maana wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuifuata. Chumba chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2 kina meta za ujazo 18, yaani lita 18,000 za hewa. Waganga wanajua kwamba sehemu moja tu ya gesi hii katika sehemu 1,000 za hewa yaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache. Sehemu moja ya elfu ya chumba chetu ni lita 18, nazo hazijazi hata bidoni moja ya maji ya lita 20. Na ili kupata lita 18 za gesi hii, yatosha kiasi cha gramu 9 za kaboni, yaani kipande cha makaa kinachofichika katika kiganja cha mtoto. Ni kweli kwamba si kaboni yote ya jiko igeukayo gesi hii. Lakini jiko la familia halina gramu 9. Lina mamia ya gramu.

Huwauaje watu? Katika damu yetu mna chembe nyekundu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Monoksidi ya kaboni hushikamana na chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tufikiri juu ya motokari iendayo Mahagi yenye viti 20. Abiria wenye haki wakifika, wakuta viti vimekaliwa na wageni wasiotaka kushuka. Motokari inakwenda, dereva yupo, ila abiria wake wamebaki njiani. Ndivyo mapafu yanavyopumua na moyo unavyopiga, lakini ubongo haupati oksijeni. Kwanza kichwa huuma, tena huwa kizito. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na akili kuchanganyika. Aliyelala hapati hata dalili hizo, bali hupita moja kwa moja kutoka usingizini hadi kifoni.

Kichwa kuuma, kutapika, mwili kulegea: ni nani kwetu asiyesema, “Ni malaria”? Mtu huamka hivyo asubuhi, hutoka nje, na kufika mchana amepona kidogo. Usiku jiko larudi chumbani, na ugonjwa nao warudi. Wengine hunywa dawa ya malaria bila ya kupimwa damu. Wengine, na hili ni baya zaidi, humtafuta jirani aliyewaloga, hasa nyumba nzima ikikutwa imekufa bila jeraha na bila homa. Twajua jinsi maneno ya namna hiyo yalivyoweza kuvunja mitaa. Basi yatupasa kuuliza maswali machache kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Je, waliougua walilala chumba kimoja? Je, waliugua wote usiku ule ule? Je, hupata nafuu wakitoka nje? Je, kulikuwa na moto ndani? Malaria haina desturi ya kuwashika watu 5 wa chumba kimoja katika saa moja.

Wala tusidhani kwamba kudanganyika huku ni kwa watu wasiosoma. Kaisari Juliano wa Roma, yule aliyeiacha imani ya Kikristo, alikaa mjini Paris wakati wa baridi karibu na mwaka 358. Alikuwa mtu wa kujinyima, hakutaka nyumba yake ipashwe moto. Baridi ilipozidi, akakubali aletewe makaa machache tu chumbani. Kichwa kikawa kizito, usingizi ukamshika, ikabidi achukuliwe nje, na waganga wakamtapisha. Alipona, na baadaye aliandika habari hiyo mwenyewe. Lakini sababu hakuijua. Alisema ni unyevu uliotoka katika kuta! Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Emile Zola, hakuwa na bahati hiyo. Mnamo Septemba 1902, mjini Paris, yeye na mkewe walilala chumbani penye moto uliowashwa, na bomba la moshi lilikuwa limeziba. Usiku walijisikia vibaya, wakadhani ni tumbo tu, wala hawakuwaita watumishi. Asubuhi Zola alikutwa amekufa. Mkewe aliokolewa.

Twasikia wengine wakisema kwamba taa au mshumaa ukiendelea kuwaka chumbani, basi hewa ni njema. Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya pili imezika watu. Mwalimu akifunika mshumaa kwa gilasi, mshumaa huzimika, nasi hupenda kuwaonyesha watoto jambo hilo darasani. Lakini mshumaa huo huzimika kwa sababu oksijeni imepungua sana. Monoksidi ya kaboni haingoji oksijeni ipungue. Kiasi kidogo chake humwua mtu, na mshumaa unawaka vizuri kando ya maiti. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walilipa deni kubwa kwa kosa hili, mpaka mtaalamu John Scott Haldane, katika miaka ya 1890, alipowashauri kushuka chini na panya au ndege wadogo. Ndege hupumua upesi kuliko mtu, kwa hiyo hulewa gesi mbele yake, na mchimbaji akiona ndege ameanguka hukimbia. Ndege hao walitumika katika mashimo ya Uingereza hata mwaka 1986, zilipokuja mashine za kupima.

Kuna kosa lingine, nalo huletwa na ndugu zetu watokao Goma. Huko, karibu na Ziwa Kivu na chini ya milima ya moto, mna mabonde madogo yenye hewa mbaya iitwayo mazuku. Mbuzi akishuka humo hufa, na mtoto vilevile, hali mtu mzima asimamaye huweza kupona. Sababu yake ni kwamba mazuku ni hewa ya ukaa itokayo ardhini, nayo ni nzito, hulala chini kama maji. Mtu wa Goma akisikia habari ya gesi ya jiko, husema, “Mimi nalala juu ya kitanda kirefu, haitanifikia.” Itamfikia. Monoksidi ya kaboni ina uzito karibu sawasawa na hewa ya kawaida, tena joto la jiko huipandisha. Hujaa chini, juu, na pembeni. Kitanda hakiokoi mtu, wala mkeka.

Wazee hutuuliza: “Mbona mababu zetu walilala na moto kati ya nyumba, na hawakufa?” Swali hili ni la haki, na jibu lake si kwamba wazee wanasema uongo. Nyumba ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, na paa lake la majani. Moto wa mafiga matatu uliwaka katikati, na moshi ulipenya majanini polepole. Ukitazama nyumba hiyo alfajiri kwa mbali, waona paa zima linatoa moshi. Ilivuja hewa pande zote. Iliharibu macho na vifua vya watu, hatuisifu kwa hilo, wala haikuwa salama kabisa. Lakini gesi ilipata njia. Leo twajenga kwa matofali na sementi, twaezeka mabati, twatia dari, twaweka vioo madirishani. Matundu yaliyobaki juu ya ukuta twayaziba kwa matambara, huyu kwa sababu ya baridi, yule kwa sababu ya mbu, na wengi kwa hofu ya wezi. Nyumba imekuwa bora, na desturi ya moto imebaki ile ile. Mambo haya mawili hayapatani.

Tena wako wenye shida zaidi ya hao. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vilipowaka upya katika Djugu, watu wengi mno walikimbia vijiji vyao. Wengine walishukia Bunia na kukaa katika kambi kama ya Kigonze, wengine walibaki milimani kwenye baridi, kama wale wa Rhoe kwa upande wa Drodro. Walijengewa vibanda vya miti na turubai. Turubai haipitishi hewa kama majani yapitishavyo. Na mtu akizikunja kingo zake vizuri na kuzilemea kwa udongo ili mvua isiingie, hufanya mfuko. Kibanda ni kidogo kuliko chumba cha hesabu yetu hapo juu, na watu walalao ndani ni wengi. Jiko likiingia humo, gesi haihitaji usiku kucha. Tusisahau pia moto wenyewe, maana turubai huungua upesi kuliko mtu aamkavyo.

Inafaa tujue kwamba mbali sana na hapa, katika nchi za barafu, watu hujenga vibanda vinavyofanana na hivyo. Huko Kanada, Finland, na jimbo la Minnesota la Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi hata motokari zaweza kupita juu yake. Wavuvi huweka kibanda juu ya ziwa, hutoboa barafu, hutumbukiza ndoana shimoni, nao hukaa ndani wakiota moto wa jiko la gesi au la kuni. Mvuvi wa Tchomia, atokwaye jasho usiku, atacheka. Lakini nao hupoteza watu kwa namna ile ile, ingawa wana fedha na elimu. Kwa hiyo wamejifunza mambo matatu: jiko la kuni liwe na bomba litoalo moshi nje, kibanda kiwe na tundu chini la kuingizia hewa na tundu juu la kutolea, na ukutani iwekwe kengele ndogo ya betri, ipigayo yenyewe inapoionja gesi hii. Na mwezi wa Februari 2021, katika jimbo la Texas, nchi ya joto, baridi kali iliwashtukiza watu, umeme ukakatika, nao wakaingiza majiko ya makaa na mashine ndani ya nyumba. Watu walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wahamiaji waliotoka Ethiopia. Wakongo wengi sasa wanakaa katika nchi hizo, na huenda msomaji ana ndugu huko. Amwandikie barua habari hii.

Kengele hizo si rahisi kupatikana sokoni Bunia. Tufanye nini basi?

Neno la kwanza ni hili: jiko la makaa lisilale na watu. Pasha chumba joto kabla ya kulala, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha toa jiko nje mbali na mlango. Litolewe na mtu aliye macho, si “baadaye kidogo” na mtu ambaye amekwisha kujilaza. Kuacha dirisha wazi kidogo usiku kucha hakutoshi, kwa kuwa upepo hubadilika, na mtu akisikia baridi huamka na kulifunga. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii hata kidogo, maana gesi hii haiyeyuki majini ila chembe tu. Kuwasha makaa nje mpaka yawe mekundu huondoa moshi, lakini hakuondoi gesi.

Joto laweza kuchukuliwa bila moto wenyewe. Weka tofali au jiwe kavu kando ya jiko wakati wa kupika, kisha lifunge katika nguo nzito na uliweke miguuni pa kitanda. Tusitumie jiwe la mtoni, maana lenye maji ndani yake hupasuka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwa kitambaa hufanya kazi ile ile, ila isimguse mtoto mchanga. Nguo mbili nyepesi hushinda moja nzito. Kofia kichwani na soksi miguuni si urembo. Na baridi nyingi hutoka chini: mtu alalaye juu ya mkeka mmoja kwenye sementi hupoteza joto lake sakafuni, hata akijifunika blanketi tatu. Majani makavu katika gunia, au makatoni chini ya mkeka, hayana bei.

Juu ya mama aliyejifungua twataka kusema zaidi. Desturi ya kuweka jiko karibu na mzazi na mtoto wake mchanga ipo mahali pengi, nayo yatokana na upendo. Lakini mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga ndio wa kwanza kuumizwa na gesi hii: damu ya mtoto wa tumboni huishika kuliko damu ya mamaye na huiachia polepole zaidi, hata mama akajiona mzima na mtoto akafa. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria hakuwa na mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akawaagiza mama zao kuwafunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa uchi ila kofia na nepi, na nguo ya mama juu yake. Watoto walipata joto, wakanyonya, wakakua. Leo hospitali za dunia nzima hufanya hivyo. Mama wa Ituri, aliyezoea kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, hahitaji kufundishwa sana. Amgeuze tu mtoto aje mbele. Baba naye aweza kumshika mtoto hivyo mama anapopumzika, wala si aibu.

Mashine za umeme na pampu za maji zina hatari ile ile, tena kubwa zaidi. Mashine ya umeme isikae barazani wala chini ya dirisha. Iwe mbali, meta 6 au zaidi, na moshi wake uelekee kusikokaa watu. Na wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu na vijiji vya jirani, ambako dhahabu yachimbwa tangu mwanzo wa karne iliyopita, wasiishushe pampu ya petroli shimoni ati kwa kuwa maji yako mbali. Pampu ibaki juu, bomba lishuke. Twajua jinsi misiba hii inavyokwenda: wa kwanza huanguka, rafiki yake hushuka kumwokoa, ndugu wa rafiki hushuka naye. Maiti watatu hutolewa katika shimo la mtu mmoja. Kwanza mashine izimwe, hewa ipepewe shimoni, na ashukaye afungwe kamba kiunoni, wenzake wakiishika juu.

Na ukikuta jirani hawafungui mlango asubuhi, na jiko limo ndani? Fungua mlango na madirisha yote, vunja ikibidi. Vuta pumzi nje, ingia, mburute mmoja hadi penye upepo, toka upumue, kisha rudi. Usikae ndani kumtikisa na kumwita jina. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Asiyepumua apuliziwe pumzi kinywani na kubanwa kifua na mtu ajuaye. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, kwa sababu sumu imo katika damu, haimo tumboni, tena aliyelegea hupaliwa.

Kisha hospitali, upesi, penye oksijeni. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 au 5 kuondoa nusu tu ya gesi iliyoshika damu. Kwa oksijeni safi ya hospitali hushuka mpaka karibu saa moja na nusu, au pungufu. Ndugu waliomleta waseme wazi kwa muuguzi: “Alilala na jiko la makaa.” Wasione haya, kwani bila neno hilo atapimwa malaria tu. Na wauguzi wetu wakumbuke kwamba kile chombo kidogo kinachobana kidole ili kusoma oksijeni hudanganyika hapa. Hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii, nacho huonyesha namba njema kwa mtu anayekufa. Apewe oksijeni hivyo hivyo. Aliyepona aangaliwe majuma kadhaa, maana wengine husahau mambo, hubadilika tabia au hutetemeka baada ya siku nyingi. Na wale waliolala naye chumba kile kile wapelekwe pamoja naye, hata wakisema kwamba hawaumwi.